Kuchagua Pori la Kuwinda Lisilo na Seng'enge

Kila mwaka, mvua zikiisha na majani ya porini yakianza kukauka, wageni kutoka Marekani, Ulaya na kwingineko hufunga safari kuja Afrika kuwinda. Si wote wanaotafuta simba na tembo. Wengi hutafuta wanyama walao majani, yaani pundamilia, pofu, kongoni, palahala, swala na ngiri. Kabla ya kupanda ndege huwa na swali moja kubwa: twende nchi gani, na katika nchi hiyo twende pori lipi?

Huenda msomaji akauliza, je, swali la wageni lamhusu nini mwanafunzi wa Tabora? Lamhusu sana. Sehemu kubwa ya mkoa wetu ni misitu na mapori. Baadhi yetu tutakuwa askari wa wanyamapori, wengine waongozaji wa wageni, na wengine wenyeviti wa vijiji na madiwani watakaotia sahihi mikataba ya ardhi. Mgeni akichagua vibaya hupoteza fedha zake, kisha hurudi kwao. Sisi tukichagua vibaya twapoteza pori lenyewe, nasi hatuna kwingine pa kurudi. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze jinsi pori la namna hii linavyochaguliwa, na mambo yapasayo kutazamwa kwanza.

PORI LENYE SENG'ENGE NA PORI LISILO NAYO

Katika Afrika ya Kusini wanyama wengi wa kuwindwa wamo katika mashamba ya watu binafsi yaliyozungushiwa waya mrefu. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1991 yampa mwenye shamba lililozungushwa vema haki ya kumiliki wanyama walio ndani, karibu sawa na mtu amilikivyo ng'ombe zake. Kwa sababu hiyo mwenye shamba aweza kununua palahala mnadani, akamleta kwa lori na kumfungulia katika shamba lake, na mgeni akija akapelekwa kumtafuta humo. Jambo hili lina faida zake, wala haifai kulidharau. Mgeni ana matumaini makubwa ya kumwona mnyama amtakaye, safari yake huwa fupi, na bei yajulikana mapema. Tena mashamba mengi yaliyokuwa ya ng'ombe peke yake sasa yana wanyama wa porini.

Kwetu Tanzania mambo ni mengine. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, yasema kwamba wanyamapori ni mali ya umma, nao wamewekwa chini ya Rais awe mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu hawezi kusema pundamilia yule ni wangu kwa kuwa amelala shambani mwangu. Mnyama huyo huyo jioni yumo katika hifadhi ya taifa, usiku anywa maji katika pori la akiba, na alfajiri yumo katika mahindi ya mwanakijiji. Katika safari hiyo yote hakuna waya uliomzuia.

Waya nao waweza kuleta hasara kubwa. Katika miaka ya 1950 Botswana, wakati huo ikiitwa Bechuanaland chini ya Waingereza, ilianza kujenga seng'enge ndefu za kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, maana nyama yake iliuzwa ng'ambo. Miaka ya ukame ilipofika, nyumbu wa Kalahari waliondoka kutafuta maji kaskazini kama walivyozoea, wakaukuta waya wa Kuke umewakatia njia. Walikufa kwa maelfu.

Katika mfano huo twapata msingi wa mambo yote yatakayofuata. Penye seng'enge mnyama hukaa kwa kuwa hana njia ya kutokea. Pasipo seng'enge hukaa kwa kuwa pana majani, maji na amani. Kimoja kikikosekana, huondoka au hufa. Basi mtu anayechagua pori lisilo na seng'enge apime vitu hivyo vitatu kwanza, ndipo aanze kuhesabu pembe.

SOMO LA NJIA YA MISAFARA

Sisi tukaao jirani na Kanyenye hapa Tabora twapita kila siku juu ya njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha biashara ya pembe za ndovu. Wanyamwezi walikuwa na chama chao cha wawindaji wa tembo, Wayege, chenye dawa zake na miiko yake. Wafanyabiashara wa pwani nao walikuwa na bunduki na vitambaa. Wote hao, walipochagua mahali pa kwenda, walikuwa na swali moja tu: pembe ziko wapi?

Pembe zilipopungua karibu na pwani, misafara iliingia bara. Zilipopungua Unyamwezi, misafara ilivuka Ziwa Tanganyika ikaenda Manyema, na Tippu Tip ni mmoja wa waliopata utajiri wao huko. Watu wa kwetu walifika mbali hata Katanga, ambako Msiri, mtu wa Usumbwa, alijenga dola yake, na watu wake wakaitwa Wayeke, jina linalofanana na lile la wawindaji wetu. Hawakuwa na haja ya kuuliza ni nini kitabaki nyuma yao, maana daima palikuwa na pori jingine mbele. Leo mbele hakuna pori jingine. Mpaka wa kila pori umekwisha kupimwa, na ng'ambo ya mpaka huo kuna shamba la mtu. Kwa ajili hiyo swali moja la zamani halitoshi tena. Mimi naona maswali ni sita.

SWALI LA KWANZA: JE, SHERIA YARUHUSU?

Swali hili laonekana jepesi, lakini limewapotosha wengi, kwa kuwa sheria hubadilika na vitabu havibadiliki. Kenya ilikuwa nchi yenye sifa kubwa ya uwindaji, lakini mwaka 1977 ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama. Tanzania yenyewe ilifunga uwindaji mwaka 1973 ikaufungua mwaka 1978. Uganda ilifunga mwaka 1979, na mwaka 2001 ikaanza tena kwa majaribio katika eneo la Ziwa Mburo. Botswana ilisimamisha mwaka 2014 ikaruhusu tena mwaka 2019.

Hata ndani ya nchi moja, mapori yanayofanana kwa macho hayafanani kwa sheria. Katika hifadhi ya taifa hakuna ruhusa ya kuwinda. Mgeni huenda kutazama tu. Uwindaji wa leseni hufanywa katika mapori ya akiba, katika mapori tengefu, na katika maeneo ya vijiji yaliyotengwa kwa kazi ya wanyamapori. Maeneo ya kuwindia wageni hugawanywa katika vitalu, na kila kitalu hupewa kampuni iliyokubaliwa.

Mfano mzuri tunao jirani. Ugalla lilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1965, nalo lilisifiwa sana na wawindaji kwa palahala na korongo wake. Mwaka 2019 lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na tangu hapo halihesabiwi tena katika mapori ya kuwinda. Mwaka huo huo sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilikatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mgeni anayesoma habari za miaka ya nyuma bila kuuliza aweza kulipia safari ya kwenda mahali ambapo bunduki haiingii.

SWALI LA PILI: UNATAFUTA MNYAMA GANI?

Mnyama wa majani hufuata majani, nayo majani hufuata udongo. Kaskazini, katika tambarare zinazozunguka Serengeti, udongo umetokana na majivu ya volkano, majani yake ni mafupi na matamu, na huko ndiko kwenye makundi makubwa ya nyumbu, pundamilia, swala tomi na nyamera. Katika nchi kavu ya Umasai wapatikana choroa na swala twiga, wanyama wawezao kuishi kwa maji kidogo sana. Katika bonde la Kilombero yupo sheshe, apendaye majani ya ukingoni mwa maji.

Pori letu la magharibi ni la miyombo na mininga. Udongo wake ni hafifu, na majani yake hurefuka upesi yakawa magumu. Nchi ya namna hiyo haiwezi kulisha makundi makubwa, lakini yawafaa wanyama ambao tambarare za kaskazini hazina, au zina wachache. Hao ni palahala mwenye pembe zilizopinda nyuma kama mundu, korongo aliye mkubwa kumpita palahala, na kongoni wa miyombo. Kadhalika wapo pofu, pundamilia, kuro, tohe na ngiri.

Basi mgeni apendaye kuona mamia ya wanyama kabla ya saa sita mchana asije magharibi, maana atalalamika. Hapa mtu aweza kuzifuata nyayo za palahala kumi tangu asubuhi hata jioni, akawaona mara moja tu kwa mbali, nao wakakimbia. Apendaye kazi ya namna hiyo ndiye mgeni wetu.

SWALI LA TATU: MAJI YAKO WAPI, NA LINI?

Tabora hupata mvua kuanzia Novemba hata Aprili. Wakati huo mbuga zetu za udongo mweusi hujaa maji, na gari likiingia humo halitoki bila majembe na watu wengi. Msimu wa kuwinda kwa wageni huanza tarehe 1 Julai. Mwanzoni mwa msimu majani bado ni marefu na visima vya porini bado vina maji, kwa hiyo wanyama wametawanyika na ni vigumu kuwaona. Kuanzia Agosti majani mengi yamekwisha kuungua au kukauka, na mahali palipoungua huchipua majani mabichi ambayo wanyama huyafuata.

Wenzetu waendao kwao Mpanda kwa treni huuvuka mto Ugalla njiani. Wakati wa masika wameuona umejaa na kuenea mbugani. Mwishoni mwa kiangazi ni mabwawa mabwawa tu yaliyoachana, na kila bwawa lina viboko na mamba waliosongamana. Vivyo hivyo katika mapori ya jirani, maji yaliyobaki ndiyo yanayoamua mnyama yuko wapi. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila bonde lina maji na wanyama hutawanyika tena.

Mjomba wangu ni mrina asali wa upande wa Sikonge. Yeye hawindi, lakini alifahamu pori kabla sijazaliwa. Nilipomwuliza jinsi atambuavyo mahali pazuri, alinijibu hivi: "Sitazami mti kwanza, natazama maji. Nyuki na kongoni hunywa kisima kimoja." Nimeona maneno hayo yafaa kwa mwindaji pia.

Lakini hapo pana hatari. Mtu akiisha kujua kwamba maji yamebaki mahali pamoja, ni rahisi kukaa hapo na bunduki na kungoja. Mwindaji mwungwana hafanyi hivyo, maana mnyama mwenye kiu hana hiari. Kadhalika sheria yetu yakataza kuwinda kutoka ndani ya gari na kuwinda usiku kwa taa. Pori lisilo na seng'enge lina maana tu iwapo mnyama ana nafasi ya kweli ya kwenda zake.

SWALI LA NNE: PORI NI KUBWA KIASI GANI, NA LIMEPAKANA NA NINI?

Pori dogo lisilo na seng'enge ni kama gunia lenye tundu. Utalijaza leo na kesho litakuwa tupu. Pori kubwa lina nafasi ya kiangazi na nafasi ya masika. Chukua mfano wa mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, yaliyo kusini na mashariki yetu. Kwa pamoja yapita kilomita za mraba 15,000, nayo yamepakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hifadhi ni kama ghala, ambamo wanyama huzaliana bila kupigwa risasi, na wengine huvuka wenyewe kuingia katika mapori ya akiba. Mahali pa namna hiyo pana matumaini ya miaka mingi.

Yafaa pia kufahamu kwa nini mapori ya magharibi yalibaki bila watu. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe, nyati na wanyama wengine wengi katika Afrika ya Mashariki. Mifugo na watu walipopungua, vichaka vilienea, na mbung'o wakaenea pamoja navyo. Malale yalifuata, na kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya mahali pamoja. Mahame yakawa pori. Kwa hiyo yule mbung'o tumchukiaye ndiye aliyekuwa seng'enge ya nchi hii, ila yeye hakuwazuia wanyama kutoka. Aliwazuia watu na ng'ombe kuingia. Mgeni ajaye magharibi ajue kwamba ataumwa, na asivae nguo za buluu wala nyeusi, kwa maana rangi hizo huwavuta mbung'o.

Siku hizi seng'enge hiyo ya mbung'o imeanza kukatika. Mashamba ya tumbaku yahitaji ardhi mpya na kuni za kukaushia, wafugaji waja na ng'ombe kutoka kaskazini, na mkaa wauzwa mijini. Sisemi watu hawa ni wabaya, maana kila mmoja atafuta chakula cha watoto wake. Nasema tu kwamba anayechagua pori atazame ramani ya mapito ya wanyama kati ya pori na pori, na aulize kama mapito hayo yamelimwa. Mapito yakizibwa pande zote, pori limepata seng'enge ambayo hakuna aliyeijenga kwa makusudi.

SWALI LA TANO: MWENYEJI APATA NINI?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, nalo ndilo ambalo wageni wengi husahau kuliuliza. Nimesema mnyama hukaa penye majani, maji na amani. Majani na maji hutoka kwa Mungu, lakini amani hutoka kwa jirani.

Katika mazungumzo yetu bwenini mwenzetu mmoja aliuliza hivi: "Kwa nini mgeni auaye palahala kwa ajili ya pembe apigwe picha, na mtu wa kijijini auaye swala kwa ajili ya kitoweo atiwe pingu?" Wengi walipiga makofi. Swali hilo lastahili jibu la kweli, si la kukemea.

Jibu la kwanza ni kwamba leseni ya mgeni humruhusu kuua mnyama mmoja aliyetajwa, na desturi ya uwindaji huo ni kuchagua dume lililokomaa. Mtego wa waya hauchagui. Hunasa jike lenye mimba, hunasa mtoto, na mara nyingi mnyama huoza mtegoni kabla mtegaji hajarudi. Tena mwananchi naye anayo njia ya kuomba leseni ya uwindaji wa wenyeji. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Mtu ambaye mahindi yake yameliwa usiku na tembo, naye hapati kitu kutoka porini, hatakwenda kutoa habari za mtego alioukuta njiani. Atapita kimya. Nalo pori lisilo na seng'enge, lenye majirani wanaopita kimya, limekwisha.

Serikali ililitambua jambo hili. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilifungua njia, na kanuni za mwaka 2002 zikaviwezesha vijiji kadhaa kuungana, kutenga sehemu ya ardhi yao na kuunda jumuiya ya kuhifadhi wanyamapori. Katika mkoa wetu zipo jumuiya za Ipole, Wilaya ya Sikonge, na Uyumbu, upande wa Urambo. Mapato ya wageni katika maeneo hayo hugawanywa, na vijiji vina fungu lao. Zaidi ya hayo pana malipo yaitwayo kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au jamaa za aliyeuawa na mnyama. Majina yenyewe yaonyesha kwamba malipo hayo si fidia kamili, lakini ni bora yakija mapema kuliko yasipokuja kabisa. Namibia nayo ilitunga sheria mwaka 1996 ya kuzipa jamii za vijijini haki juu ya wanyama katika ardhi yao, na huko nyama ya mnyama aliyewindwa mara nyingi hugawiwa wanakijiji.

Palipo na ugomvi wa ardhi usiokwisha, mgeni mwenye busara angoje. Mwaka 2022 mipaka mipya ilipowekwa katika kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo, palitokea mapambano kati ya askari na wananchi, watu waliumia na askari mmoja aliuawa. Kila upande una maelezo yake. Kwa mtu anayechagua pori latosha kujua kwamba mahali hapo amani bado yatafutwa.

Wazee husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni anayetaka kupima kama mwenyeji apona kweli aulize jambo moja tu: je, hesabu za fedha za pori husomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji? Zikisomwa, hata zikiwa ndogo, watu huzijadili na kuziamini. Zisiposomwa, hata zikiwa kubwa, mali bila daftari hupotea bila habari.

SWALI LA SITA: NANI ATAKUONGOZA?

Katika nchi yetu mgeni hawindi peke yake. Huongozwa na mwindaji bingwa mwenye leseni, na kila kitalu hupewa mgawo wa mwaka, yaani idadi ya wanyama wa kila aina wanaoweza kuuawa. Kabla ya kulipa, mgeni aulize mgawo wa palahala mwaka uliopita ulikuwa wangapi, na waliopatikana walikuwa wangapi. Aulize pia pembe zao zilikuwa na urefu gani. Pembe zikizidi kuwa fupi mwaka hata mwaka, hiyo ni dalili kwamba madume makubwa yamekwisha na sasa yaanza kupigwa madogo.

Kisha aulize: mitego mingapi ya waya imeondolewa porini mwaka huu? Nyama ya mnyama itakwenda wapi? Wapagazi na wafuata nyayo watoka kijiji gani? Mwenye kitalu aliye mwema hujibu upesi maswali haya, kwa kuwa ndiyo kazi yake ya kila siku. Asiyejua majibu huanza kusifu vitanda na chakula cha kambini.

WANAOPINGA

Wako watu wengi wenye akili wasemao kwamba ni afadhali kuwaacha wanyama wote na kuwaita wageni wa kamera. Katika tambarare za kaskazini hoja hiyo ina nguvu, maana huko mtu huona mbali na wanyama ni wengi. Katika miyombo miti huficha, mbung'o huuma, na barabara ni mbali. Wageni wa kamera wajao huku ni wachache. Ikiwa wa bunduki hawaji na wa kamera hawaji, pori halitabaki hivi hivi likitungoja. Litaingiwa na shoka. Sidai kwamba uwindaji ndiyo dawa ya pekee, kwani asali, nta na uyoga navyo ni mali ya pori, tena havihitaji risasi. Nadai tu kwamba pori lisilomfaa jirani halina wa kulitetea.

HITIMISHO

Kama mgeni angeniuliza, ningemjibu hivi. Ikiwa una siku tano tu, nawe wataka hakika, nenda kwenye mashamba ya kusini yenye seng'enge, wala si aibu. Ikiwa wataka kuona makundi makubwa, nenda kaskazini, lakini uliza kwanza habari za ardhi. Ikiwa una majuma mawili, miguu yenye nguvu na moyo wa subira, njoo katika miyombo ya magharibi, kama Rungwa au maeneo ya vijiji, kati ya Agosti na Oktoba, na uwe tayari kurudi bila pembe.

Ndugu zangu wanafunzi, maswali haya sita si ya mgeni peke yake. Baada ya miaka michache mmoja wetu atakaa katika kiti cha mwenyekiti wa kijiji, na mbele yake utawekwa mkataba wa kurasa nyingi. Siku hiyo mgeni atakuwa anachagua pori, nasi tutakuwa tunamchagua mgeni. Mwenyekiti huyo aulize maji yako wapi, mapito ya wanyama yako wapi, na fedha zitasomwa lini mbele ya watu. Akiisha kujibiwa yote matatu, ndipo achukue kalamu.